Pamba ya Simiyu na Kipimo Kisichomrudia Mkulima

  

Leo nazungumzia pamba. Sitagusa bei elekezi wala upatikanaji wa viuatilifu, mambo mnayoyasikia kila msimu na yenye watu wengi wa kuyasemea. Nataka tuutazame unyuzi mmoja tu wa pamba: una urefu gani, una unene gani, nani anaupima, na majibu ya kipimo hicho yanamfikia nani. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayenisikiliza ajue ninakoelekea. Pamba yetu inapimwa, tena kwa mashine za kisasa, lakini inapimwa ikiwa imekwisha kutoka mikononi mwa aliyeilima, na majibu hayamrudii. Hilo halifai kuendelea.

Nianzie mahali panapoonekana kuwa mbali na shamba. Yale mabomba ya plastiki tunayoyaona yakifukiwa kwenye miradi ya maji yametokana na unga wa PVC. Unga huo hutengenezwa ndani ya matangi makubwa. Kimiminika cha kemikali hukorogwa ndani ya maji mpaka kigawanyike kuwa matone madogo madogo, na kila tone hugeuka kuwa punje ngumu. Punje inayotakiwa ina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Zikiwa ndogo kupita kiasi zinakuwa vumbi. Hazimiminiki vizuri mashineni na zinachafua hewa ya kiwandani. Zikiwa kubwa mno, au zikitofautiana sana, haziyeyuki kwa pamoja, na bomba linatoka na vidonge vigumu ndani yake. Hapo ndipo linapokuja kupasuka.

Ukubwa wa punje unategemea kasi ya kukoroga, joto la tangi, na kiasi cha dawa inayozuia matone yasigandamane. Vyote hivyo vinaweza kurekebishwa, ila vinarekebishika kazi ikiwa bado inaendelea. Ndiyo maana viwanda vya plastiki, rangi na gundi havingoji mzigo utoke. Wapo wanaochota sampuli na kuipitisha mbele ya mwanga wa leza: chembe ndogo hutawanya mwanga kwa pembe pana, chembe kubwa kwa pembe nyembamba, na kompyuta inasoma mtawanyiko huo na kutoa ukubwa. Wapo wanaozamisha chombo cha leza ndani ya tangi lenyewe, kikawa kinatoa taarifa dakika hadi dakika. Msimamizi akiona punje zinaelekea kukua kupita kiasi, anarekebisha papo hapo. Kipimo kinarudi kwa mwenye uwezo wa kubadili kitu, na kinarudi wakati bado kuna la kubadili. Naomba kanuni hiyo tuishike, maana ndiyo nitakayoitumia kuipima biashara yetu ya pamba.

Plastiki inahusianaje na pamba? Plastiki, mpira na nailoni vyote huitwa polima. Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa kuunganisha molekuli ndogo, moja baada ya nyingine, mamia na maelfu. Mkemia wa Kijerumani, Hermann Staudinger, alilieleza jambo hilo mwaka 1920, na wakubwa wengi wa kemia wakampinga. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobeli. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni selulosi, na selulosi ndiyo pamba. Zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi uliokauka ni selulosi, yaani glukosi, ile sukari iliyomo mwilini mwetu, iliyoungwa kwa maelfu katika mnyororo mmoja. Kwa hiyo mkulima wa Dutwa au wa Nyakabindi hapa Simiyu ni mzalishaji wa polima kwa maana kamili ya neno. Kiwanda chake ni tumba la mpamba.

Tuingie ndani ya tumba hilo. Siku ua linapochanua, seli za ngozi ya mbegu changa huanza kuchomoza. Kila unyuzi ni seli moja tu. Kwa muda wa wiki tatu hivi seli hiyo hurefuka mpaka ifike karibu milimita 28 au 30, na wakati wote huo upana wake ni maikromita 15 hadi 20 tu, yaani sehemu 15 hadi 20 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Kisha kazi inabadilika. Unyuzi unaacha kurefuka na unaanza kujengwa kwa ndani, tabaka la selulosi juu ya tabaka, kwa wiki tatu, nne nyingine. Tumba likipasuka, maji yanatoka, seli inabonyea na kuwa utepe uliojipinda. Huko kujipinda ndiko kunakoziwezesha nyuzi kushikana zinaposokotwa kuwa uzi.

Sasa fikirini maana yake kwa mtu wa shambani. Mvua ikikatika katika zile wiki tatu za mwanzo baada ya maua, unyuzi unakuwa mfupi. Ukame ukibana baadaye, au majani yakishambuliwa na wadudu wakati kuta zinajengwa, unyuzi unabaki na ukuta mwembamba, haujakomaa. Kangambili wakifyonza mbegu, pamba inatoka na madoa ya njano. Mkulima akichelewa kuchuma, vumbi na manyunyu vinaondoa weupe. Urefu wa unyuzi ni habari za mwezi wa kwanza wa tumba, unene wa ukuta ni habari za mwezi wa pili, na rangi ni habari za siku za mwisho. Msimu mzima umo humo, na anayejua kusoma anausoma.

Husomwaje? Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa macho na vidole, na mahali pengi bado inafanywa hivyo. Mpanga madaraja anachukua kishungi cha pamba nyuzi, yaani pamba iliyokwisha kutolewa mbegu. Anakishika kwa dole gumba na kidole cha shahada cha kila mkono, anakivuta kikatike katikati, anaviweka vipande viwili pamoja, anavuta tena. Kila akivuta anatupa nyuzi zilizolegea. Baada ya mivuto kadhaa kinachobaki mkononi ni nyuzi zilizolala sambamba, ncha kwa ncha. Anazilaza juu ya kitambaa cheusi na kutazama zinapoanzia na zinapoishia. Urefu huhesabiwa kwa sehemu ya 32 ya inchi, ambayo haifiki milimita moja, na mzoefu wa kazi hiyo anaitambua tofauti hiyo kwa mkono wake. Ni ujuzi mkubwa, nami nauheshimu. Udhaifu wake ni kwamba watu wawili wanaweza kutofautiana, na mnunuzi aliye Asia au Ulaya hana njia ya kujua mkono wa nani ulikuwa sahihi.

Ndiyo maana dunia ya pamba ikahamia kwenye mashine inayojulikana kwa herufi tatu, HVI. Mashine hii inapima urefu, kulingana kwa nyuzi, nguvu ya kuvutwa, rangi, takataka, na kipimo kinachoitwa mikronea. Hiki cha mwisho nataka nikieleze taratibu, kwa sababu ndicho kinachopima ukubwa wa chembe ya polima yetu.

Mpimaji anachukua karibu gramu 10 za pamba nyuzi, anazichambua, anazitia ndani ya kichemba cha mashine. Mfuniko unashuka na kuzikandamiza zienee katika ujazo uleule kila mara. Kisha hewa inasukumwa ipite kati ya nyuzi hizo. Gramu 10 za nyuzi nyembamba zina nyuzi nyingi zaidi, na eneo lote la nje la nyuzi hizo ni kubwa zaidi, kwa hiyo hewa inazuiliwa. Gramu 10 za nyuzi nene zina nyuzi chache, na hewa inapita kwa urahisi. Hewa ikipita kidogo namba inakuwa ndogo, ikipita nyingi namba inakuwa kubwa. Hakuna aliyehesabu unyuzi hata mmoja, wala hakuna aliyetumia hadubini, lakini wembamba wa maelfu kwa maelfu ya nyuzi umejulikana kwa sekunde chache. Viwanda vya saruji navyo hupima ulaini wa unga wao kwa kanuni hii: hewa ikipita kwa shida, saruji imesagwa vizuri.

Katika soko la Marekani, pamba yenye mikronea kati ya 3.7 na 4.2 huongezewa bei. Ikiwa chini ya 3.5 au juu ya 4.9, hukatwa bei. Sababu zake ni za kiwandani. Mikronea ya chini mara nyingi maana yake ni nyuzi zisizokomaa: zinafungana vifundo vidogo mashineni, na vifundo hivyo havishiki rangi, kitambaa kinatoka na vitone vyeupe. Mikronea ya juu maana yake ni nyuzi nene: katika unene uleule wa uzi zinaingia nyuzi chache, na uzi unakuwa dhaifu.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Mikronea inachanganya mambo mawili ndani ya namba moja, unene wa asili wa aina ya mbegu na ukomavu wa unyuzi. Ipo mbegu ambayo nyuzi zake kwa asili ni nyembamba ijapokuwa zimekomaa kabisa. Asiyejua mbegu iliyopandwa anaweza kukosea anapoisoma namba hiyo. Lakini sisi wa kanda ya magharibi ya kilimo cha pamba tuna nafasi nzuri. Mbegu zetu zimetoka mahali pamoja, kwa watafiti wa Ukiriguru kule Misungwi, na ni aina chache tu, kama UKM08. Kijiji kimoja kikitoa mikronea ya chini na cha jirani kikatoa nzuri kwa mbegu ileile, tofauti haikutoka kwenye mbegu. Imetoka kwenye mvua, tarehe ya kupanda, wadudu au palizi. Kipimo kingekuwa kinaongea moja kwa moja na bwana shamba, kama angepewa nafasi ya kukisikia.

Mashine yenyewe ina masharti yake. Pamba hunywa unyevu wa hewani, na nguvu na urefu wa unyuzi hubadilika kadiri unyevu unavyobadilika. Kwa hiyo maabara ya pamba hutunzwa katika joto la nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65, mchana na usiku, na sampuli hupumzishwa humo mpaka izoee hewa hiyo ndipo ipimwe. Ukipima Bariadi mwezi wa Agosti, hewa ikiwa kavu, ukaja kupima sampuli ileile Dar es Salaam katikati ya masika bila chumba cha namna hiyo, utapata majibu mawili, na yote mawili hayaaminiki. Ili kuhakikisha maabara za dunia zinasema lugha moja, Kamati ya Ushauri ya Kimataifa ya Pamba, yaani ICAC, ina utaratibu wa kuzitumia maabara sampuli za pamba moja na kulinganisha majibu yao. Katika mradi ulioanza mwaka 2007 wa kuziimarisha maabara za Afrika, vilichaguliwa vituo viwili vya kanda. Kimoja kiliwekwa Mali kwa ajili ya Afrika Magharibi na Kati. Cha pili, cha Afrika Mashariki na Kusini, kiliwekwa kwenye Shirika la Viwango Tanzania, TBS, Dar es Salaam.

Kwa hiyo tusijidharau, ndugu zangu. Ujuzi wa kupima unyuzi upo nchini mwetu, tena kwa kiwango cha kuwasaidia majirani. Kinachokosekana ni njia ya kumrudishia mkulima majibu.

Twende basi kwenye kituo cha kununulia, kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mwezi wa Juni au wa Julai. Mkulima amefika na mkokoteni wa ng'ombe, salfeti zimepangwa juu. Kamba inafunguliwa, karani anazamisha mkono mpaka katikati ya mfuko, anatoa pamba, anaitazama na kuiminya. Anaangalia kama ina maji, mchanga, majani, madoa. Anaamua: hii ni safi, ile ni fifi. Mfuko unapanda mzani, kilo zinaandikwa kwenye stakabadhi. Kisha pamba inamwagwa juu ya lundo moja na pamba ya watu wengine wote.

Kwenye lundo hilo ndipo jina la mkulima linapopotea. Yule aliyepanda kwa wakati, kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, akapalilia, akapulizia kwa kipimo, akachuma pamba iliyopasuka vizuri na kuianika juu ya chanja, pamba yake imelala pamoja na ya yule aliyechuma matumba yaliyopasuka nusu ili awahi fedha. Kilo yao ni moja, fedha yao ni moja. Kiwanda cha kuchambua kitachanganya tena, kifunge marobota, na robota litapimwa mbali na hapa. Kama namba ni nzuri, faida yake inabaki huko juu. Kama ni mbaya, hasara yake inasambazwa kwa wote kupitia bei ya msimu unaofuata.

Mwaka hadi mwaka, utaratibu huu unamfundisha mkulima kwamba uangalifu haulipi. Tulishaona matokeo. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95, wanunuzi walishindana kupata kilo, kila mmoja akihofia kuwa pamba anayoikataa itachukuliwa na mwenzake. Upangaji wa madaraja ukalegea. Watu wakatia maji, wakatia mchanga, na jina la pamba ya Tanzania likashuka sokoni. Sitamtetea aliyetia mchanga, ni wizi. Lakini nasema pia kwamba palipo na mzani wa kilo peke yake, uzito ndio unaofukuzwa, na ubora hauna mtu wa kuufukuza.

Wazee wetu wangeielewa hoja hii haraka kuliko sisi. Ushirika wa kanda hii ulizaliwa katika ugomvi wa vipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, wakaweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia ili kila mtu aijue kilo yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Kutokana na harakati hizo, mwanaushirika Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Hawakuanza kwa kuomba bei. Walianza kwa kutaka kipimo kilicho chao. Leo mizani ya kilo inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ni jambo la kushukuru. Milimita na mikronea bado hazina mtu wa kumsimamia mkulima.

Kabla sijafika kwenye mapendekezo, niseme jambo ambalo mashine haiwezi kutufanyia. Nilitaja salfeti. Mfuko wa salfeti umefumwa kwa polipropilini, polima ya kiwandani. Unapozeeka kwa jua, nyuzi zake zinakatika na kuingia ndani ya pamba. Kiwandani zinachanwachanwa na kuwa vipande vidogo vyembamba vilivyotapakaa ndani ya robota. HVI haivioni. Msokotaji haoni, mfumaji haoni. Vinaonekana siku kitambaa kimetoka kwenye rangi, kwa sababu polipropilini haipokei rangi inayopokelewa na pamba. Shati la bluu lina mstari mweupe mgongoni, na kitambaa chote kinashushwa daraja. Dawa yake ni ya mkono: kuchumia na kuhifadhia kwenye vikapu, kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba au kwenye mashuka, na kumrudisha kwa heshima anayeleta pamba kwenye salfeti iliyochakaa. Kwa hili hatuhitaji maabara. Tunahitaji kukubaliana sote kwa siku moja, na AMCOS kuhakikisha kuwa mifuko ya kitambaa inapatikana kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Sasa mapendekezo yangu, nayo ni manne.

La kwanza, pamba ya kila AMCOS ichambuliwe peke yake na marobota yake yatiwe alama mpaka mwisho. Simwombi mwenye kiwanda atenganishe pamba ya kila mkulima mwenye ekari mbili, hilo haliwezekani. Lakini pamba ya kijiji ni malori kadhaa, na malori kadhaa yanaweza kuingia kwa zamu. Marekani, tangu mwaka 1991, karibu pamba yote hupimwa kwa mashine robota kwa robota, na mwenye shamba anapata majibu ya marobota yake. Sisi tuanze na kijiji.

La pili, majibu yarudi na yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya AMCOS, kwa Kiswahili, kwa lugha ya mtu wa kawaida: urefu, nguvu, mikronea, rangi, na takataka. Pembeni pawe na namba za msimu uliopita na za AMCOS jirani. Afisa ugani aitishe mkutano na aeleze. Na ili aweze kueleza, awe na daftari la msimu: mvua ilinyesha lini na milimita ngapi, ua la kwanza lilionekana lini, kangambili walionekana lini, shamba lipi lilipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 na lipi kwa nafasi za zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi hiyo mpya ya kupanda inahimizwa sana kwa sababu ya kuongeza kilo, nami naiunga mkono. Lakini miche ikisongamana, unyuzi unakuwaje? Namba za ukutani zingetujibu kijiji kwa kijiji.

La tatu, sehemu ya thamani ya ubora imfikie aliyeuzalisha. Zimbabwe kwa miaka mingi ilinunua pamba ya mkulima kwa madaraja manne yenye bei zinazotofautiana, na pamba yake ikajijengea jina zuri. AMCOS iliyotoa namba nzuri ipate nyongeza mwisho wa msimu, igawanywe kwa kilo. Hata ikiwa ndogo, mkulima atakuwa amelipwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya milimita.

La nne, Bariadi ipate maabara yake. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonyesho ya kitaifa ya wakulima ya Nane Nane miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Mahali pa kuikaribisha nchi nzima kuja kutazama kilimo panastahili chumba kimoja chenye joto la nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 65. Nakubali kwamba mashine ni ghali na umeme usiotulia unaiharibu. Kwa hiyo tusikimbilie kununua. Msimu wa kwanza na wa pili sampuli zipelekwe Dar es Salaam, tujenge mazoea ya kuzifuata na kuzisoma, ndipo chumba kijengwe kwa ajili ya watu ambao tayari wanajua wanachokitafuta.

Najua hofu ya wengi mnaonisikiliza, na ni hofu ya haki. Mtasema kipimo kipya ni fimbo mpya. Mnunuzi ataleta karatasi yenye namba na kusema pamba yako mbaya, nakukata. Historia yetu inawapa sababu ya kuogopa. Ndiyo maana sampuli lazima ichukuliwe mbele ya pande mbili na kugawanywa mara mbili. Nusu moja iende maabara, nusu ya pili ifungwe, itiwe muhuri, ibaki AMCOS. Mkibishana, nusu iliyofungwa ipimwe na TBS, na jibu la TBS liwe la mwisho. Kipimo chenye nakala mikononi mwa mkulima hakiwezi kugeuzwa fimbo kirahisi. Kinachotuumiza siku zote ni kile kinachosomwa na upande mmoja.

Nirudi kwenye kanuni niliyowaomba tuishike. Kiwanda cha plastiki kinapima punje tangi likiwa bado linakorogwa, kwa sababu hapo ndipo kosa linaporekebishika. Tumba la mpamba hatuwezi kulizamishia leza. Lakini msimu mmoja unaufuata mwingine, na majibu ya mwaka huu yakifika kabla ya mbegu ya mwaka ujao kuingia ardhini, bado yamefika kwa wakati. Mabua yanang'olewa na kuchomwa ifikapo tarehe 15 Septemba, upandaji unaanza katikati ya Novemba. Tuna miezi miwili ya kukaa, kusoma namba na kuamua. Miezi hiyo ni yetu, na kwa sasa tunaipitisha bila karatasi yoyote mbele yetu.

Basi nina ombi moja kwa kila mwanachama anayenisikiliza. Mkutano mkuu wa AMCOS yako ukifika, nyosha mkono uulize: pamba ya kijiji chetu mwaka huu ilikuwa na urefu gani na mikronea gani? Ukijibiwa, andika. Ukiambiwa hakuna anayejua, dai swali lako liingizwe kwenye muhtasari, na lipelekwe kwenye chama kikuu na kwenye Bodi ya Pamba. Mwaka unaofuata uliza tena, na umwombe mwanachama wa kijiji cha pili naye aulize kwao. Haki ya kilo wazee wetu waliipata kwa kuuliza pamoja, na haki ya milimita itapatikana kwa njia hiyohiyo.